Gasketi ya tatu, na Peugeot bado inatoa mapovu

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Peugeot 404 ya mwaka 1968 niliyoachiwa na marehemu baba. Mwaka huu peke yake imeunguza gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya hedi (kifuniko cha juu) na injini, mara tatu. Ya mwisho haikumaliza hata wiki tatu. Nilikuwa napanda Kitonga, mshale wa joto ukapanda pamoja nami. Gari lilipopoa nikafungua rejeta na kuwasha tena: maji yanatoa mapovu kama sufuria ya chai, na oili imegeuka rangi ya maziwa. Hedi imeshapigwa skimu, yaani kusawazishwa uso kwa mashine, mara mbili, na fundi hupaka silikoni gasketi pande zote. Sasa anasema tuagize gasketi ya shaba tupu, eti ndiyo dawa. Niagize?
Msomaji, Iringa

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole. Hela ya shaba iweke mfukoni kwanza. Kamuulize fundi wako jambo moja: alipotoa hedi, alizungusha injini?

Nauliza kwa sababu mimi nilizungusha. Nilikuwa kijana wa gereji, nimepewa 404 ya abiria nisafishe masizi juu ya pistoni. Pistoni ya pili na ya tatu zilikuwa chini, sizifikii vizuri, nikachukua hendeli nikaipiga nusu duara. Zikapanda, nikazikwangua, nikajiona nimemaliza. Tukafunga gasketi mpya. Asubuhi yake bosi akalegeza nati ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, yakatangulia maji, ndipo oili ikafuata. Hakunipiga, lakini siku ile chakula cha mchana sikukiona.

Injini ya 404 haikutobolewa silinda moja kwa moja kwenye bloku, yaani mwili wa injini. Ndani mmesimama laina nne za chuma, mabomba ambamo pistoni hupanda na kushuka, na maji ya kupozea yanazigusa kwa nje. Chini kila laina imekalia ukingo wenye sili nyembamba. Juu inabanwa na hedi basi. Ukishatoa hedi hakuna kinachoishikilia. Ukizungusha kranki, mhimili unaopandisha na kushusha pistoni, ringi za pistoni zinaisugua na kuinyanyua kidogo, uchafu na kutu vinaingia chini yake, na ikirudi hairudi ilipokuwa. Sili ikishaharibika maji yanashuka kwenye oili, hata gasketi ya juu ingekuwa ya dhahabu.

Halafu kuna kimo. Laina inatakiwa ichomoze juu ya uso wa bloku kiasi kidogo sana, tuseme unene wa karatasi ya daftari. Kipimo chenyewe msome kwenye kitabu cha gari, msikisie. Huko kuchomoza ndiko kunakoibana pete ya chuma ya gasketi mpaka moto usipate pa kupita. Laina iliyozama haibani. Iliyozidi jirani yake inabeba hedi peke yake, na jirani anavuja. Ndiyo maana skimu mbili hazikusaidia: mlikuwa mnanyoosha dari wakati nguzo hazilingani.

Gasketi iliyoungua msiitupe. Ipeleke juani uisome. Pete inayozunguka kila tundu la silinda ikiwa inang'aa pande zote, hapo ilibanwa. Ukiona mstari mweusi wa masizi umekatiza pete kuelekea tundu la maji, moto ulipita hapo, na laina ya silinda hiyo ndiyo ya kushukiwa kwanza. Silikoni imekunyima hata ushahidi huu, maana inafunika kila kitu. Tena vipande vyake hukatika vikaziba vijia vya maji. Waambie waache kabisa.

Kwa kuwa oili imeshakuwa maziwa, mimi ningetoa laina zote nne. Mkwangue kutu mahali zinapokalia hadi chuma kionekane, mweke sili mpya za chini, kisha mpime kila laina kwa rula ya chuma iliyonyooka na fila geji (bapa nyembamba za kupimia nafasi), sehemu tatu au nne kuizunguka. Zikikubali, mzibane papo hapo: vipande vya bomba na washa nene, boliti zikiingia kwenye matundu ya boliti za hedi yaliyo kwenye bloku. Baada ya hapo mnaweza kuzungusha injini bila hofu. Oili ile chafu imwageni yote, msiionee huruma.

Hedi yenyewe ni ya aluminiamu, na kila skimu inaila. Mpime unene wake kabla ya kuirudisha. Ikishapungua sana mgandamizo unapanda na valvu zinasogelea pistoni. Msisugue kwa msasa wa mkono. Shaba tupu nayo ni ngumu, haisamehe uso usiolingana, kwa hiyo kwenu ingekuwa balaa zaidi. Chukua gasketi ya kawaida ya 404, mpya.

Mashimo ya boliti pulizeni kwa upepo wa kompresa. Shimo lisilotoboka chini likibaki na maji au oili, tok renchi, spana inayopima mkazo, itakwambia imefika na hedi bado haijabanwa. Anzeni boliti za katikati mkielekea pembeni, kwa awamu. Washeni mpaka ipate moto, zimeni, lilale usiku kucha. Asubuhi mlegeze boliti moja robo mzunguko, mwikaze tena kwa kipimo, ndipo mhamie nyingine, isipokuwa kama pakiti ya gasketi inakataza. Valvu mzipime baada ya hapo, si kabla.

Na Kitonga? Gari hili lilichukua Safari Rally 1966 na 1967, likiendeshwa na Bert Shankland na Chris Rothwell wa hapa hapa Tanzania, kwa hiyo mlima si kisingizio. Angalia feni. Feni ya 404 hushikwa na sumaku ya umeme injini ikipata joto. Brashi yake ikiisha au waya ukikatika, pangaboi linazunguka kivivu na wewe huna habari. Naona hapo ndipo gasketi ya kwanza ilipofia.

Mkishapima niandikie vimo vyote vinne. Ila Peugeot huhesabu silinda ya kwanza kutoka upande wa gia boksi, si upande wa rejeta, usije ukanitumia namba zimegeuka.