Kontena linazima lenyewe: maswali yenu kuhusu seva ya nyumbani

Nimeunda imeji yangu (kiolezo cha kontena) ya Docker, programu ya kuendesha makontena, yenye nginx, programu ya seva ya tovuti. Nikiwasha kontena linazima papo hapo, wala halitoi kosa lolote. Shida ni nini?

Kontena, yaani chumba kilichotengwa ambamo programu huendeshwa, huishi kadiri programu yake ya kwanza, ile yenye PID 1 (namba ya mchakato ya kwanza), inavyoishi. Hiyo ikimaliza kazi, kontena limekwisha, hata kama ndani yake kuna programu nyingine bado zinahangaika. Sasa nginx ina desturi ya kujirudufu: inamwachia mtoto kazi nyuma ya pazia, kisha mzazi anaaga. Kwenye mashine ya kawaida hakuna neno. Ndani ya kontena, mzazi akiaga, wote wameondoka naye. Ndiyo sababu imeji rasmi huiwasha kwa `nginx -g 'daemon off;'` ili ibaki mbele. Bila shaka wewe uliandika `service nginx start` kwenye CMD, yaani amri ya kuwashia kontena, nayo humwacha mzazi aage.

Kuna wanaoshauri kuongeza `tail -f /dev/null` ili kontena lisizime. Usiwasikilize. Siku nginx ikianguka, kontena litaonekana liko hai ilhali tovuti haipo, na Docker haitaona sababu ya kuliwasha upya.

Huku kwetu umeme unakatika kila mara. Ukirudi, lazima niwashe kila kitu kwa mkono?

La. Andika `docker update --restart unless-stopped` ikifuatiwa na jina la kontena, kisha `sudo systemctl enable docker` ili Docker yenyewe iamke pamoja na mashine. Ukichagua `always`, hata kontena ulilolisimamisha kwa makusudi litafufuka Docker ikiwaka upya. Mimi napendelea `unless-stopped`. Kama unatumia kompyuta ya mezani, ingia pia BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine) uiambie iwake umeme ukirudi. Wengi hili hulisahau.

Kontena langu hufa na kuacha namba 137. Hiyo ni nini?

Ni 128 jumlisha 9, yaani limeuawa kwa SIGKILL, ishara namba 9 ya kuua programu papo hapo. Kama si wewe uliyelizima, shuku ramu kwanza. Tazama `docker inspect`: ukikuta `OOMKilled` (limeuawa kwa kuishiwa ramu) ni `true`, ongeza ramu au punguza njaa ya programu. Kuliwasha upya kila mara kunaficha ugonjwa tu.

Nimeweka HEALTHCHECK (kipimo cha afya ya kontena), kontena linaandika `unhealthy`, lakini haliwashwi upya!

Docker ya kawaida inaripoti tu. Swarm, mfumo wa Docker wa kusimamia makontena kwenye mashine nyingi, ndiyo hubadilisha kontena lililougua.

Diski imejaa, na tovuti yangu ni ndogo mno.

Yaelekea ni logi, yaani kumbukumbu ambazo programu huandika. Mfumo wa `json-file`, ambao Docker hutumia kuzihifadhi usipochagua mwingine, hauna kikomo usipouwekea. Ndani ya `/etc/docker/daemon.json`, chini ya `log-opts`, weka `"max-size": "10m"` na `"max-file": "3"`, kisha uwashe Docker upya. Makontena ya zamani hayaguswi na mabadiliko hayo. Itabidi uyafute na kuyaunda tena. Kabla hujafuta, hakikisha data yako iko kwenye volyumu (hifadhi iliyo nje ya kontena), maana iliyomo ndani ya kontena hufutika nalo.