Mabehewa ya Bati ya Marehemu Babu

SWALI: Mhariri, salaam. Katika sanduku la marehemu babu yangu, aliyekuwa mfanyakazi wa reli hapa Jinja, nimekuta mabehewa matatu ya mizigo ya gari moshi la kuchezea, yaliyotengenezwa kwa bati. Moja lina herufi LMS ubavuni. Yote yana kutu kidogo, na magurudumu ya moja yamevimba na kupasuka. Fundi wa mtaani yuko tayari kuyapiga msasa na kuyapulizia rangi mpya. Je, nimkubalie? Na nitajuaje yalikotoka? — Msomaji, Jinja

JIBU: Ndugu msomaji, mshukuru fundi huyo, lakini usimpe mabehewa. Mkusanyaji wa vitu hivi hutazama kwanza rangi ya kiwandani, na behewa lililochubuka likiwa na rangi yake ya asili hulipendelea kuliko lile linalong'aa kwa rangi ya juzi. Isitoshe, rangi nyingi za zama hizo zilikuwa na madini ya risasi, kwa hiyo vumbi la msasa ni sumu, na mabehewa yenyewe hayafai kuchezewa na watoto wadogo.

LMS ni kifupi cha London, Midland and Scottish, kampuni ya reli ya Uingereza iliyoanza kazi mwaka 1923 na kutaifishwa mwanzoni mwa 1948, hivyo behewa hilo haliwezi kuwa la kabla ya 1923. Herufi hizo peke yake hazimtaji mtengenezaji, kwa sababu hata kiwanda cha Bing cha Nuremberg, Ujerumani, kilitengeneza magari moshi ya kuchezea kwa ajili ya soko la Waingereza. Ligeuze utafute maandishi upande wa chini. Ukiona jina Hornby au Meccano Ltd, limetoka Liverpool, katika kampuni ya Frank Hornby iliyoanza kuuza magari moshi mwaka 1920. Pima pia nafasi kati ya magurudumu, kwani reli ya kipimo cha O, kilichoenea kuliko vingine enzi hizo, ina upana wa milimita 32. (Reli halisi aliyoitumikia babu yako ina upana wa mita moja, lakini watengenezaji wa Ulaya waliiga reli za kwao.)

Kwa kusafisha, tumia brashi laini iliyo kavu. Sabuni, petroli na nyuzi za kusugulia masufuria ziwe mbali kabisa, hasa pale ambapo picha imechapwa moja kwa moja juu ya bati, maana wino huo ni mwembamba na hutoka upesi. Penye kutu, paka mafuta ya cherehani kidogo kwa pamba kisha ufute. Usifungue vile vijilimi vya bati vilivyopindwa kushikilia sehemu pamoja, kwani vikikunjuliwa mara moja au mbili hukatika.

Magurudumu yaliyovimba hayana kutu. Ni ya aloi ya zinki iliyochanganyika na risasi kiwandani, nayo huoza kutoka ndani, hasa penye unyevu, na hakuna dawa ya kuirudisha. Yatoe kabla hayajapindisha fremu, uyahifadhi kwenye bahasha yenye maelezo, kisha utafute mbadala wa kipimo kilekile. Kwa kuwa Jinja iko kando ya ziwa, weka mabehewa kabatini pamoja na vile vifuko vya kufyonza unyevu vinavyopatikana ndani ya maboksi ya viatu, na usiyafunge katika nailoni wala gazeti.