Nguzo za mninga kwa vibanda vya msituni Tabora

Mkuu, umeuliza kama nguzo za mninga zitahimili mchwa kwenye vibanda vyenu vya msituni. Mninga mchwa hawauwezi, ila ni moyo wake tu, yaani mbao ya katikati. Ule weupe wa nje, chini ya gome, wanautafuna kama mti mwingine wowote, na vigogo vyembamba vinavyouzwa kama nguzo karibu vyote ni weupe. Kata kipande uone: katikati kahawia yenye wekundu, pembeni rangi ya krimu. Hiyo krimu fundi aichonge yote iishe.

Mimi ni seremala huku Sikonge. Nimeshang'oa nguzo ya mninga iliyochimbiwa ardhini, juu nzima kabisa, chini weupe umegeuka udongo mtupu na moyo umebaki mwembamba kama mpini wa jembe, lakini ukiugonga unalia.

Kwa hiyo hata ukiwa mninga msichimbie nguzo ardhini. Isimame juu ya msingi wa mawe au zege, na katikati mlaze kipande cha bati kinachotokeza pembeni, ncha imekunjwa kuelekea chini. Bati haliui mchwa. Linawalazimisha kupitisha njia yao ya udongo nje, mkaiona na kuifagia mapema.

Kuta msijenge kwa matofali ya kuchoma kama kweli mnataka msitu ubaki, tanuri linakula kuni balaa. Tumieni matofali ya kufungamana, yale yanayoshikana lenyewe kwa lenyewe: yanashindiliwa kwa udongo na saruji kidogo, hayaoni moto.

Na mbao msinunue za usiku. Muulizeni muuzaji kibali cha TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania) kwanza.