Wale vijana wa Grand Rapids

Mwanangu,

Juzi kwenye simu, bado una hasira kwamba timu yako ya hoki ya barafu imeshindwa, uliniuliza: "Mama, Red Wings wanahangaika hivi, kwa nini wasiwapandishe vijana wa Griffins, timu yao ndogo ya huko Grand Rapids, waje wajifunze huku Detroit?" Nilikuwa kazini, nikakujibu ovyo. Leo nimekaa.

Wajifunze nini, na kwa dakika ngapi? Kijana wa miaka 20 akifika Detroit anatiwa mstari wa nne, ule wa mwisho, anaonja barafu dakika nane au tisa kati ya 60. Wapinzani wakibaki pungufu kwa adhabu, na kufunga ni rahisi, wanaingizwa wengine, si yeye. Akikosea mara moja anaganda benchini. Huku kwetu Grand Rapids kijana huyohuyo anacheza dakika 20, anapokonywa kisahani, ndio mpira wa hoki, bao linaingia, na zamu yake ikifika kocha anamrudisha. Nimeyaona hayo kwa macho yangu nikiuza bisi Van Andel Arena, uwanja wa Griffins, wewe ukiona aibu mama yako kushangilia wazungu wanaopigana.

Unamkumbuka Gustav Nyquist? Detroit walimchagua 2008, timu za ligi kuu zilipogawana vijana kwa zamu, akiwa wa 121. Wakamwacha acheze kwanza chuo kikuu cha Maine, kisha wakamleta huku. Akapanda, akashuka, akapanda tena. Juni 2013 alikuwamo Griffins walipobeba Kombe la Calder, ubingwa wa ligi yao. Novemba ile alipopandishwa akabaki, alikuwa na miaka 24, na msimu huo akafunga mabao 28 katika mechi 57. Ken Holland, meneja wa Detroit wakati ule, alipenda vijana waive hasa kabla ya kuchumwa.

Ila nisikudanganye, haikuwa hekima tupu. Kikosi cha wakubwa mwisho wachezaji 23, na nafasi zilikuwa zimejaa. Mchezaji aliyekaa miaka kadhaa kwenye ligi hashushwi hivihivi: kwanza timu nyingine zote zinapewa saa 24, na inayomtaka inamchukua bila kutoa mchezaji badala yake. Nyquist alikuwa bado hajafikia hapo, kwa hiyo yeye ndiye aliyeshushwa bila hatari. Usiwasikilize sana wanaosema kila uamuzi ni kwa faida ya kijana. Mwingine ni wa makaratasi.

Mimi sikatai kuwapandisha. Aitwe mechi tano au sita, apewe wenzake wazuri, aonje ile kasi, kisha arudi akijua miguu yake inapungukiwa nini. Ninachokichukia ni kumwita kijana halafu kumketisha jukwaani na suti wiki mbili, wakati huku wenzake wanacheza.

Jumamosi Griffins wako nyumbani. Kutoka huko ni saa mbili na nusu tu kwa gari, na sombe nitapika. Tukae nyuma ya benchi, umhesabie zamu yule beki unayemlilia apandishwe, tuone mwenyewe utasema aondoke lini.

Mama yako