Kama bado unacheza besiboli ya ligi ndogo, anza kujifunza ukocha sasa

Wachezaji wengi wa ligi ndogo za besiboli Marekani hawafiki ligi kuu. Mara nyingi habari ya kuachwa huja mwishoni mwa Machi, kambi ya mazoezi ikikaribia kuvunjwa na vikosi vikipangwa. Tangu 2021 kila klabu ya ligi kuu ina timu nne tu za msimu mzima chini yake: kutoka ya chini hadi ya juu, Single-A, High-A, Double-A na Triple-A. Ukiziondoa hizo, kuna vikosi vya chipukizi huko Florida au Arizona na Jamhuri ya Dominika. Mwaka 2024 idadi ya wachezaji wa ligi ndogo ambao klabu inaruhusiwa kuwa nao ndani ya Marekani ikashushwa kutoka 180 hadi 165. Mchezaji wa miaka 26 anayekaa benchi Double-A asingoje kuitwa ofisini ndipo aanze kuwaza ukocha.

Klabu humpa kazi mtu ambaye tayari imemwona akifundisha. Brian Snitker aliachwa kama mchezaji mwaka 1980, klabu yake ya Atlanta Braves ikambakiza kazini. Akawa kocha mkuu wao 2016 na kutwaa ubingwa wa World Series, fainali ya ligi kuu, 2021. Joe Maddon na Jim Leyland nao hawakuwahi kucheza hata mechi moja ya ligi kuu, ila wote wawili walishinda ubingwa huo wakiwa makocha. Na wote watatu walikuwa wadakaji, wale wanaochuchumaa nyuma ya mpigaji. Mdakaji huuona uwanja wote mbele yake na kila siku huongea na warushaji, wale wanaomrushia mpigaji mpira. Wewe usiye mdakaji, hiyo shule itafute mwenyewe. Siku usiyocheza, omba karatasi ya kuandika kila mpira: aina yake, kasi yake, ulipopita, mpigaji alifanya nini. Baada ya mechi mpelekee kocha wa warushaji jambo moja ulilogundua. Moja linatosha.

Ujuzi utakaokupa kazi haraka kuliko wote ni kuwarushia wapigaji mazoezini. Unaonekana mdogo, na kumbe kocha asiyeuweza huvuruga ratiba ya timu nzima. Simama nyuma ya wavu wa herufi L, kama mita 12 kutoka kwenye pleti, kibao cha chini anaposimama mpigaji. Mrushaji wa mechi husimama mita 18.44. Upande mfupi wa wavu uwe upande wa mkono unaorushia. Shika mpira vidole vikikatiza mishono yake, ili uende umenyooka. Kasi isibadilike, kwa sababu mpigaji anatafuta mdundo wake, hakuja kushindana nawe. Ukishaachia mpira, rudi nyuma ya wavu mara moja. Ni rahisi kuumia ukishachoka, ukibaki wazi ukitazama ulikokwenda mpira. Tena usirushe bila kupasha bega. Kwa ratiba ya mechi sita kwa wiki, Jumanne hadi Jumapili, bega lililozoea kutunzwa na daktari wa timu huanza kuuma kabla Mei haijaisha.

Baada ya hapo jifunze gongo la fungo, lile refu, jembamba na jepesi la kuwapigia mipira wachezaji wanaolinda uwanja. Piga katikati ya mirusho ya mazoezi, yaani mpigaji akishapiga ndipo nawe upige, mipira miwili isimfikie mtu mmoja kwa wakati mmoja. Kwa mpira wa chini gusa nusu ya juu ya mpira. Kwa wa angani gusa nusu ya chini. Mpira wa juu kabisa kwa mdakaji, ulionyooka juu ya pleti, ndio mgumu kuliko yote, na utahitaji wiki kadhaa za kujifunza peke yako.

Kosa kubwa la kocha wa mwaka wa kwanza ni kufundisha mwili wake mwenyewe. Kilichokusaidia wewe mwenye miguu mifupi kinaweza kumharibu kijana mwenye kimo cha mita 1.95. Kabla ya kugusa upigaji wa mtu, tazama video za mechi zake kadhaa, soma vipimo vya klabu vya kasi ya gongo na pembe ya mpira unapotoka kwenye gongo, halafu muulize yeye anahisi nini. Kisha mpe neno moja la kufanyia kazi, umwache nalo wiki nzima. Anayepewa maelekezo matatu huingia uwanjani akifikiri, na mpira wa kasi ya maili 95 kwa saa haumngoji anayefikiri.

Kihispania ni cha lazima. Vijana wengi wa ngazi za chini wanatoka Jamhuri ya Dominika na Venezuela, na kufundisha kupitia mkalimani kunapoteza nusu ya somo. Jizoeze pia kuandika. Kila usiku baada ya mechi ripoti huingizwa kwenye mfumo wa klabu, na wakubwa ambao hawajawahi kukuona hukujua kwa ripoti hizo.

Kuhusu fedha, uwe macho. Mkataba wa wachezaji wa 2023 uliweka kima cha chini cha dola 35,800 kwa mwaka Triple-A na 30,250 Double-A. Makocha hawamo katika chama cha wachezaji kilichoingia mkataba huo, hivyo viwango hivyo haviwahusu. Mikataba yao mara nyingi ni ya mwaka mmoja. Kabla ya kusaini uliza: nyumba inalipiwa na nani, bima inaendelea baada ya msimu, mshahara unaanza mwezi gani?

Fukua pia mkataba wako wa kwanza. Kama una kipengele cha klabu kukulipia chuo, kwa kawaida unatakiwa kuanza masomo ndani ya miaka miwili tangu uache kucheza, na timu za vyuo hupenda kocha mwenye shahada. Kwa vijana wa Uganda, ambao klabu ya Los Angeles Dodgers ilianza kuwasajili 2022, kuna jambo la ziada: viza ya mchezaji imefungamana na kucheza. Muone mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kukubali kazi ya ukocha, wakati viza bado ina miezi ndani yake.