Ruta ya kununua kabla faiba haijafika
Ndugu, umeuliza ununue ruta gani sasa ilhali faiba utaunganishiwa miezi kadhaa ijayo. Kama uliyonayo inafanya kazi, subiri. Kampuni nyingi huja na kifaa chao cha kupokea mwanga wa faiba, na mara nyingi ruta imo humohumo ndani. Waulize kwanza kama wanaruhusu ruta yako, na kama itahitaji mipangilio ya PPPoE (kuingia mtandaoni kwa jina na nywila wanazokupa) au VLAN (namba inayotenga njia ya data).

Ukishindwa kusubiri, tazama tundu la WAN, yaani linalopokea waya wa intaneti, kabla ya kuhesabu antena. Antena nyingi hupendeza dukani tu. Ruta kadhaa za bei ya chini zina tundu la megabiti 100 kwa sekunde, hata kama boksi limeandikwa 1200, yaani kasi ya Wi-Fi, kwa herufi kubwa. Ukilipia kifurushi cha megabiti 300, hupati hata 100 kamili. Chukua yenye matundu ya gigabiti 1 na Wi-Fi 6. Wi-Fi 7 mimi ningeiacha kwa sasa, maana simu nyingi bado haziitumii.

Halafu kuta: masafa ya Wi-Fi ya GHz 5 yana kasi lakini hupenya vibaya kuliko 2.4. Mwombe fundi alete waya hadi katikati ya nyumba, asiuishie kwenye kona ya mlangoni.