"Hii ni gari gani?" Swali lililonichukua miaka minne kulijibu

Jumapili iliyopita nilipata ujumbe wa msomaji mmoja kijana. Aliandika hivi: "Kaka, hiki ni kigari changu cha tatu na ndicho kizuri kuliko vyote, lakini mzee mmoja kwenye maonyesho kaniambia hakina kundi. Nimeumia sana. Maana yake nini?" Akaambatanisha picha tano za kigari cha plastiki cha kuunganisha, Lancia Delta HF integrale ya skeli ya 1/24, yaani ndogo mara 24 kuliko gari halisi. Nyeupe, rangi imelala vizuri, michirizi ya Martini, mdhamini wa timu ya Lancia, imekaa sawasawa hadi kwenye kona za milango, mahali ambapo wengi wetu tumeshindwa.

Nilizitazama picha zile kwa muda mrefu. Alichomaanisha yule mzee nilikijua tangu picha ya pili. Jinsi kauli ya namna ile inavyochoma naijua pia, kwa sababu miaka minne iliyopita na mimi niliulizwa swali kwenye maonyesho, mbele za watu, nikakosa jibu.

Gari langu lilikuwa Nissan Skyline GT-R, ile ya R32 iliyotoka mwaka 1989. Nilifanya kazi juu yake miezi mitano. Wewe unayesoma hapa unanielewa: hatukeshi na msasa na kibano ili kupoteza muda. Tunataka kigari kiwekwe mezani, mtu apite, arudi, ainame. Hilo ndilo nililolitaka, nalo nililitaka sana.

Seti niliyokuwa nayo ilikuwa ya gari la barabarani. Nilikuwa nimesoma kwamba toleo la NISMO (kitengo cha mbio cha Nissan) la mwaka 1990 lilitoka kwa rangi moja tu, kijivu cha metali, basi nikalipaka kijivu cha metali. Nilikuwa nimesoma pia kwamba R32 ilishinda mbio zote 29 za ubingwa wa magari ya Kundi A (daraja la mbio la magari yaliyotokana na yale ya barabarani) huko Japani, kuanzia 1990 hadi 1993, haikupoteza hata moja. Basi nikaingiza ndani keji, ile fremu ya vyuma inayomlinda dereva gari likipinduka, na kuvisha matairi mapana ya mbio yasiyo na michoro. Viti vya nyuma nikaviacha kwa sababu nilikuwa nimevipaka vizuri. Kwenye kadi nikaandika NISMO.

Mwamuzi alifika kwenye meza yangu, akainama. Nilihisi moyo unapaa. Akatoa tochi ndogo, akamulika bampa la mbele, akahamia kioo cha nyuma, akamalizia ndani. Kisha akauliza kwa sauti iliyosikika meza nzima: "Hii ni gari gani?"

Nikamjibu, NISMO.

"NISMO haina waipa ya nyuma. Matundu ya ziada kwenye bampa yako wapi? Na kama ni ya mbio, hawa abiria wa nyuma wanakwenda wapi?"

Watu wawili walicheka. Akaandika kitu kwenye karatasi yake, akahamia meza ya pili. Angeweza kuniita pembeni. Mpaka leo naamini angeweza kuniita pembeni, na ninapokutana na mtu mwenye kosa kama lile, mimi humwita pembeni.

Lakini alikuwa sahihi, na ilinichukua muda kulikubali hilo. Nilirudi nyumbani, nikakiweka kigari ndani ya sanduku lake, nikakaa miezi minane bila kugusa gundi. Miezi hiyo nairuka, haina cha kumsaidia mtu.

Nilichokifanya baadaye ndicho ninachotaka ukishike. Nilianza kusoma sheria. Sizungumzii maelekezo ya ndani ya sanduku, bali sheria za mbio zenyewe, kwa sababu magari haya tunayoyapenda mengi yalizaliwa kutokana na karatasi za sheria. Kundi A lilitaka kiwanda kiunde magari 5,000 ya kuuzwa kwa watu wa kawaida ndani ya mwaka kabla gari hilo halijaruhusiwa kushindana. Baada ya hapo, ukitaka kuliboresha, unda mengine 500 yenye maboresho hayo. Hapo ndipo NISMO ya 1990 ilipotoka. Ni magari 500 ya lazima, pamoja na 60 yaliyotengwa kwa ajili ya mbio, jumla 560. Matundu mawili ya ziada kwenye bampa yaliwekwa ili hewa nyingi zaidi iingie kupoza. Ukingo mwembamba kwenye mdomo wa boneti uliwekwa kwa sababu hiyo ya hewa. Waipa ya nyuma iliondolewa ili kupunguza uzito. Kila kilichoongezwa kina sababu, na kila kilichotolewa kina sababu. Mimi nilikuwa nimechukua rangi peke yake, nikaacha sababu zote.

Hata ukubwa wa injini yake una hadithi. Injini hiyo, RB26, ina ujazo wa cc 2,568. Nilikuwa nikijiuliza kwa nini isiwe lita mbili na nusu kamili, au tatu. Kumbe katika Kundi A gari lenye turbo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini) lilihesabiwa kwa kuzidisha ujazo wake mara 1.7. Zidisha mwenyewe: unapata takriban 4,366, chini kidogo ya mpaka wa daraja la 4,500. Namba ile ilichaguliwa kalamu ikiwa mkononi. Siku nilipofanya hesabu ile niliinuka kwenye kiti nikazunguka chumba kizima. Tangu siku hiyo sijaunganisha injini ya plastiki bila kuuliza ukubwa wake ulitoka wapi.

Chukua mfano mwingine, huu unawaangusha wengi. Lancia Delta S4 na Lancia Delta HF integrale. Jina la Delta liko kote, na kwa mbali sura zinafanana. Lakini S4 ni ya Kundi B, na Kundi B lilitaka magari 200 tu, kwa hiyo wahandisi walikuwa huru karibu kufanya wanavyotaka. Injini ya S4 iko katikati, nyuma ya viti, ndani ya fremu ya mabomba ya chuma, na inasukumwa na supachaja pamoja na turbo. Integrale ni ya Kundi A. Injini yake iko mbele, imelala kwa upana, ndani ya bodi iliyotokana na gari la familia. Kundi B lilifutwa mwisho wa mwaka 1986, baada ya dereva Henri Toivonen na msaidizi wake Sergio Cresto kufariki ndani ya S4 kwenye rali ya Tour de Corse. Integrale na ndugu zake wa Kundi A wakashika usukani, na Lancia ikabeba ubingwa wa watengenezaji miaka sita mfululizo, 1987 hadi 1992. Ukiyajua haya huwezi kuchanganya sehemu za magari haya mawili. Mkono wenyewe utakataa.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: ijue gari yako kabla hujakata kipande cha kwanza kwenye fremu ya plastiki. Mwaka gani? Toleo gani? Kundi gani? Ya barabarani au ya mbio? Andika kwenye karatasi na uibandike ukutani mbele yako.

Naona watu wananiambia, "Mimi najenga ninavyopenda." Sawa, na mimi nayapenda magari ya kubuni. Wamarekani walilijua hili zamani. AMT ilianza mwaka 1958 kuuza seti za 1/25 ambazo ungeweza kuzijenga kwa namna tatu: kama lilivyotoka kiwandani, kama gari la kurembwa, au kama gari la mashindano. Sanduku moja, magari matatu. Lakini ulichagua moja! Hata wa kubuni anachagua. Ukiamua ni gari la kubuni, liwe hivyo kuanzia rimu hadi egzosi, na kadi iseme hivyo. Kosa langu mimi lilikuwa kubuni huku kadi ikidai historia.

Na angalia skeli, jamani. Wajapani, yaani Tamiya, Hasegawa, Aoshima na Fujimi, magari yao mengi ni 1/24. Wamarekani mengi ni 1/25. Utasema tofauti ni ndogo. R32 ina urefu wa milimita 4,545. Katika 1/24 ni milimita 189, katika 1/25 ni 182. Milimita saba! Ukitoa rimu za huku ukavisha kule, gari linaonekana limevaa viatu vya mdogo wake, na jicho la mtu huliona hilo hata kama hawezi kueleza kilichokosewa.

Basi nikaanza upya, R32 nyingine, safari hii NISMO ya kweli. Tundu la waipa nikaliziba kwa pati, yaani udongo laini wa kuzibia. Mara ya kwanza nilipaka rangi haraka na pati ikanywea, kikabaki kishimo. Nikakwangua, nikaziba tena, nikasubiri siku tatu, nikapiga msasa wa 800. Matundu ya bampa niliyatoboa kwa kisu chembamba, kidogo kidogo, huku picha ya gari halisi ikiwa mbele yangu. Ukingo wa boneti niliukata kwenye ukanda wa plastiki mwembamba. Keji sikuweka. Matairi yalikuwa ya barabarani.

Rangi ndiyo iliyonitesa. Nilipuliza klia, ile vanishi ya juu isiyo na rangi, siku yenye unyevunyevu, na ndani ya dakika chache bodi nzima ikapauka kama imefunikwa na ukungu. Kama hujawahi kuiona kazi ya wiki sita ikipauka mbele ya macho yako, nakuombea usiione. Nilitaka kuitupa ukutani. Niliiacha ikauke, siku ya hewa kavu nikapuliza tena tabaka jepesi, na ukungu mwingi ukaondoka. Uliobaki niliumaliza kwa msasa wa 2000 na polishi. Kwenye ukingo mmoja wa mlango nilisugua kupita kiasi nikafika kwenye praima, nikalazimika kurudia mlango ule. Kingo za bodi hubeba rangi nyembamba kuliko mahali pengine pote. Ziachie mwisho, uziguse kwa huruma.

Mengine ya rangi unayajua: osha bodi kwa sabuni kabla ya praima, usipulize laka juu ya enameli la sivyo itajikunja, na kwenye vioo usitumie supaglu kwa sababu mvuke wake huacha weupe. Na subiri. Kila nilipoharibu gari, niliharibu kwa kutosubiri.

Mwezi uliopita nilikipeleka kwenye maonyesho yale yale. Mwamuzi alikuwa yule yule, tochi ile ile. Alimulika bampa. Alimulika kioo cha nyuma. Akapitisha mwanga kwenye mdomo wa boneti, akarudi, akapitisha tena. Hakuuliza kitu. Nilikuwa nimejiandaa na majibu yote, ya 560 na ya 1.7, nikiwa nimeyakariri kama mtoto wa madrasa, naye hakuuliza hata moja. Nilipewa nafasi ya kwanza katika daraja la magari ya barabarani. Ninaandika hili kwa fahari, sioni sababu ya kuificha. Kadi ile imo mbele yangu sasa hivi.

Wewe unayetaka kufika hapo, nisikilize. Usiwaonee wivu wenye bunduki za rangi za gharama. Usidhani gari lenye nguvu nyingi zaidi ndilo litakalokupa heshima. Nawaona wengi wakikimbilia Bugatti Veyron kwa sababu ya farasi wake 1,001, hawajui hata injini yake ina silinda ngapi (ni 16). Golf GTI ya 1976, hachibeki ya farasi 110, ikijengwa na mtu anayeijua, itaishinda Veyron ya mtu asiyeijua. Soma. Tazama picha za gari halisi mpaka uote nalo. Ijue gari yako. Nimeshasema, na nitasema tena mpaka mchoke, kwa sababu mimi hakuna aliyeniambia.

Sasa nirudi kwa kijana wangu. Delta yake ina michirizi ya Martini, ina namba za mbio milangoni, na kupitia kioo cha nyuma unaviona viti vya nyuma na mikanda yake. Gari la rali la Kundi A lilitolewa viti hivyo na kuwekwa keji. Ndicho alichokiona yule mzee. Sikumwambia moja kwa moja. Nilimuuliza swali langu lile lile, hii ni gari gani? Nikamwomba asinijibu siku hiyo.

Alinijibu jana usiku. "Kaka, nimechagua ya barabarani. Viti vinabaki. Sasa stika nitazitoaje bila kuharibu rangi nyeupe? Klia bado sijapiga."

Kama klia haijapigwa, una bahati. Kata kipande cha utepe wa kuzibia rangi, kibandike kwanza kwenye kiganja ili nguvu yake ipungue, kisha kilaze juu ya stika, kibonyeze kwa ukucha, ukivute taratibu kwa pembe kali. Anza na namba ya mlango wa kushoto, ile ambayo picha yako ya nne inaonyesha imeinuka kidogo upande wa chini.